Baba Gani Atembee?

Bitutu binti yangu,

Ukitoka kuchuma chai ukakuta kitanda kitupu, usipige mayowe. Uji nimekunywa, dawa ya sukari nimemeza. Nimekwenda ~~sokoni Ikonge~~ darajani tu.

Tangu mgongo uumie nimelala mwezi mzima kama gogo, huku mama yako kila asubuhi anafunga leso kiunoni na kutoka mbio. Leo nikamwuliza, "Nyanchera, unaenda wapi?" Akanijibu, "Daktari aliniambia baba atembee kila siku. Si ninatembea?" Loo! Yule daktari ni mtu wa pwani, hajui kwamba kwetu Wagusii neno "baba" ni mama, na baba wao sisi twamwita "tata". Alimaanisha mimi, tata! Kumbe mwenzangu amenywa dawa yangu yote kwa miguu yake. Nilicheka mpaka mgongo ukanikumbusha kwamba upo.

Nina fimbo, na ndizi mbivu mfukoni, nikisikia kizunguzungu nile. Mguu ukifa ganzi nitaketi. Mzigo sibebi, hata kikapu chako cha chai usiniambie.

Kesho nitaongeza hatua ishirini. Mama yako naye asiache, maana ameanza kung'aa. Tutatembea wote wawili, daktari akose wa kumlaumu.

Ni mimi tata yako, siyo baba.