Ngozi ya Ngamia Chini ya Boneti

Shemeji Kombo, pokea salamu kutoka Wajir. Mimi mzima na lori zima, ingawa uliapa halitavuka Garissa.

Basi sikia. Katikati ya pori mpira wa rejeta ulianza kuvuja, maana umepita ubavuni mwa ekzosi, na jua la huku nalo ni tanuri. Msafara wa askari waliokuwa wakinisindikiza ukasimama. Sajini akaniambia, "Dakika kumi. Tukikuacha, majambazi wa shifta watakukuta." Nikauzungushia tyubu ya baiskeli, ule ujanja wangu wa Mombasa. Kuwasha injini tu, tyubu ikayeyuka kama samli.

Mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa akinywesha ngamia akaja kuchungulia, akacheka. "Warya, dereva, unafunga mbira na mbira? Moto anakula yote." Akaleta ngozi mbichi ya ngamia aliyoiloweka, akauviringishia mpira mwenyewe, akaikaza kwa kamba. Rejeta akanijazia maji aliyokuwa akiwanyweshea ngamia wake. Ngozi ikakauka, ikabana kama chuma, na joto la ekzosi likagonga mwamba.

Mbele kidogo lori la sajini nalo likapasuka mpira wa rejeta. Nikashuka polepole na ngozi iliyobaki. "Dakika kumi, afande," nikamwambia. Hata yeye alicheka.

Sasa boneti inanukia nyama choma, nami njaa inaniuma safari nzima. Mwambie dada yangu alale usingizi, kaka yake amefika. Wewe nakuletea kipande cha ngozi ukiviringishe kwenye huo mdomo. Nakupenda hivyo hivyo.

Shemeji yako, Saidi