Mama Aline, Sasa Ninasahihishwa Mimi

Mama Aline,

Nisamehe kwa kimya cha miezi minane. Karatasi zilikuwapo, nilichokosa ni jambo la kukuambia lisilokuwa malalamiko. Sasa ninalo. Ninajifunza Kikorea.

Usicheke. Aline anataka nikaishi nao huko Korea, na Mina, mjukuu wetu, hajui neno la Kiswahili wala la Kinyarwanda. Nikaona haifai babu afike kwa mjukuu wake kama bubu. Nimeandika herufi zao nyuma ya kalenda ya jikoni, ile uliyoitundika wewe, na kila asubuhi nazisoma kwa sauti huku chai ikichemka.

Jumapili ya kwanza nilimsalimu Mina kwa simu ya video: "Anyong hashimnika." Nilichagua salamu yenye heshima kubwa kuliko zote, kama inavyompasa mwalimu. Kumbe hivyo husalimiwa wakubwa na wageni! Mtoto wa miaka mitano akacheka hadi akajificha nyuma ya mama yake, kisha akarudi na kuninyooshea kidole: "Haraboji," yaani babu, "anyong!" Alinifanya nilirudie mara tatu, polepole, kama nilivyowafanyia wanafunzi wangu. Wiki mbili sikupokea simu. Niliogopa kukosea.

Ndipo nikakukumbuka. Miaka thelathini na minane uliniita mezani kwa Kiswahili cha kwenu Goma, "Mwalimu, chakula iko tayari," nami, hata kabla ya kunawa, nikajibu, "Kiko tayari." Nawe: "Bon, kiko tayari, na kinapoa!" Hukuacha kuniita hata siku moja. Sikujua kwamba huo ulikuwa ushujaa. Siku zako za mwisho, ulipolala kitandani, ukaniambia, "Leo usinikosoe, Mwalimu. Unisikie tu." Nilikusikia, mke wangu. Lakini nilichelewa.

Jumapili iliyopita nilipokea simu. Nilikosea sana, na Mina alifurahi sana.

Aline bado anangoja jibu. Nikienda, nani atapalilia kaburi lako, na mvua za hapa Gisenyi zinavyootesha magugu? Nikibaki, mtoto atakua na babu wa kwenye simu tu.

Pumzika, Mama Aline. Nikikata shauri, nitakuandikia wewe kabla ya wote, kwa Kiswahili chako cha Goma, na sitafuta hata neno moja.

Mwalimu wako