Maneno ya Koko Yamo Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 9 Juni 2003

Kompyuta ya Sinyati haiwaki! Yaani inawaka halafu haiwaki — taa ya kijani inakuja, feni inanguruma, maandishi meupe kwenye kioo cheusi, kisha pii! Inazima, inaanza tena. Tangu jana. Kompyuta pekee Olmotonyi nzima ukiacha za chuo cha misitu, na binti yangu kainunua kwa mshahara wake wa ukarani! Mimi wa la saba nimezaa mtu wa kompyuta.

Lakini ndani mna maneno ya Koko. Mama mkwe wangu huyo, kabla hajafa mwezi wa nne, alikaa siku tatu kwenye kigoda akimsimulia Sinyati, naye akichapa, mahali mpaka wa shamba letu na la shemeji Yiamat ulipopita. Masale yenyewe, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yaling'olewa na trekta zamani. Sasa wazee wanataka wasomewe, yapandwe upya, ugomvi uishe. Yiamat alisema siku ile, tuandike na kwenye daftari. Nikamcheka mbele za watu. Shemeji, daftari linaliwa na panya, kompyuta haisahau!

Jumanne, 10 Juni

Ukungu. Mlima haujaonekana kutwa.

Sinyati kaniuliza, Yeyo — ndivyo anavyoniita mimi mama yake — nani aliigusa Jumamosi nilipokuwa mjini? Nikasema labda ni umeme. Mungu anisamehe. Jumamosi hiyo Elimringi wa kwaya alikuja na disketi yake, anataka kuchapa ratiba. Nikaona nitamwambiaje kwamba mama yake Sinyati hajui? Nikaichomeka mwenyewe! Ikatoka ratiba safi. Elimringi akasema, mama, wewe ni mtaalamu. Nililala na raha siku hiyo.

Jumatano, 11 Juni

Tumelifunga boksi la kompyuta kwa shuka kama mgonjwa, tukalipeleka mjini kwa fundi Najim. Kijana mstaarabu, shikamoo mbili tatu. Kalifungua, kaangalia, akasema, mama, mashine yako ina malaria ya kichwani. Virusi. Vimekula mafaili ya kuwashia. Vimeingia kwa disketi — nani kachomeka disketi? Sinyati akanitazama. Nikaangalia nje.

Nikamwambia Najim, huyu binti anachapa bila kutazama vidole! Akasema, hongera mama. Sinyati hakucheka.

Kusafisha ni rahisi, anasema, ila kunafuta vyote. Nikapiga kelele, usifute! Basi atachomoa hard disk, aichomeke kwenye mashine yake, tuone kilichopona.

Alhamisi, 12 Juni

Kimepona nusu. Kurasa za mwanzo zipo, Koko anaongea kabisa — alivyoolewa, ng'ombe waliotangulia, kahawa ya kwanza. Nimelia pale dukani. Halafu: "Mpaka unatoka kwenye mwamba mweupe, unashuka hadi mfereji wa" — hapo vijiboksi tu. Vijiboksi kurasa nne! Najim kajaribu njia zote. Mama, mengine hayarudi.

Mifereji ni miwili. Ukiwa wa chini, kahawa yote ya katikati ni yetu. Ukiwa wa juu, ni ya Yiamat.

Njiani nikasema. Ni mimi, disketi ya Elimringi. Sinyati akaongeza mwendo mpaka kwenye geti. Kisha: Yeyo, wewe ulikuwepo. Ulikaa pale pale karibu na Koko. Alisema upi?

Nilikuwepo! Lakini nilikuwa natazama vidole vya mwanangu vinavyokimbia, nawaonyesha majirani, jamani oneni. Nani alikuwa anamsikiliza mzee? Hata hivyo neno moja liliniingia. Masikio yangu yanasema wa juu.

Yiamat kapita jioni kuleta majani ya ng'ombe wetu, kama kawaida. Akatania, shemeji, si kompyuta haisahau? Imekumbuka nini? Nikasema inakumbuka vizuri sana. Sijui kwa nini nimesema hivyo! Akasema, basi sawa, mimi nitakubali itakachosema, hata kama kinawapa nyinyi kahawa. Akaenda zake.

Sasa Sinyati kaiwasha, Najim kaitibu, inawaka vizuri. Kakaa tayari. Yeyo, anasema, nitajie neno, niandike tuchape. Nimemwambia asubiri, nakamua kwanza. Nimeshakamua. Niko huku bandani naandika kwenye goti.

Wazee na Yiamat wanakuja wote keshokutwa, Jumamosi, saa nne asubuhi.