Kope Zangu za Muscat

Madungu, Jumapili

Tangu nirudi juzi nilikuwa sijavua miwani nyeusi, hata jikoni! Nilimuaga mume wangu Seif kuwa nakwenda Muscat kumtazama dada tu. Sikumwambia kuwa nitapasuliwa hizi kope zilizolegea, zilizonifanya nionekane nasinzia kila saa.

Leo tukinywa chai akasema, "Hebu vua, Bi Asha."

Nikavua. Akanitazama weee.

"Kumbe una macho makubwa hivi!"

Nikamweleza yote. Akauliza, "Basi miaka yote hii ulikuwa ukiniona nusu?"

Nilicheka hata mshono wa kushoto ukaniuma. Mama mkwe bado hajajua, naye namwogopa kweli. Lakini nimeshakwenda kwenye kioo mara saba, na sasa hivi nakwenda tena.