Kuku wa Tarehe Kumi na Mbili Machi

Papa wangu mpendwa,

Kalenda ya parokia ya mwaka huu nimeitundika palepale, kwenye msumari wako, juu ya kabati la vyombo. Mama anasema imepinda. Nimeiacha hivyohivyo, maana zako zote zilipinda. Nakuandikia kwa Kiswahili changu cha darasani, kile ulichokuwa ukikiita Kiswahili ya ku radio, na najua utanicheka. Cheka tu, Papa. Ukimaliza kucheka unisikilize, kwa sababu nina neno ambalo lilipaswa kukufikia ungali hai, nami nimechelewa.

Unakumbuka tarehe mosi Januari za nyumbani kwetu? Watu wengine wakitoka misa ya mwaka mpya walikwenda kutembeleana. Sisi tulikuwa na kazi kwanza. Ulitandaza kalenda mbili mezani, ya zamani na mpya, ukavaa miwani yako iliyofungwa uzi, ukatoa kalamu nyekundu mfukoni. Kila siku ina mtakatifu wake, ulisema, lakini siku nyingine zina mtakatifu na mechi. Basi tulizinakili mechi moja moja, kutoka mwaka uliokufa kwenda mwaka uliozaliwa. Tarehe thelathini Oktoba, lile pigano la ndondi la Kinshasa, ambalo ulilisimulia kana kwamba wewe ndiye uliyemfuta bingwa jasho. Tarehe ishirini na mbili Juni, siku beki wetu alipochomoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Wabrazili kabla wenyewe hawajaugusa. Dunia nzima ilicheka. Wewe ulishikilia kwamba yule kijana alikuwa na akili kuliko refa, na ole wake aliyebisha. Tarehe kumi na nane Juni uliiacha tupu kila mwaka. Siku hiyo tulifungwa mabao tisa, na ulisema mtakatifu wake ana mizigo yake ya kutosha.

Halafu ile sikukuu kuu kuliko zote: siku timu ya taifa ilipochukua Kombe la Afrika kule Cairo, mwaka wa sabini na nne, mbele ya majirani zetu wa Zambia. Wewe ulikuwa kijana mgeni kwenye karakana ya reli, hata Mama hujamjua. Uliisikiliza kwa rafiki yako Papa Donatien, yule fundi wa redio wa mtaa wa Katuba ambaye wazazi wake walitoka Kasai, na ulituambia kwamba bao la pili lilipoingia mlikumbatiana mpaka redio ikaanguka, akaitengeneza huku analia. Kwa ajili ya siku hiyo alichinjwa kuku kila mwaka, hata miaka ile ya taabu ambayo Noeli tulikula mboga za lenga-lenga tupu. Walikuja wenzako wanne wa karakana, akaja Papa Donatien na redio yake kwapani, ingawa hapakuwa na mechi yoyote ya kusikiliza. Bukari, ugali wetu, ilipakuliwa ikiwa moto, na samaki wakavu ambao shangazi alituma kutoka Pweto vilevile. Sisi watoto tulikunywa munkoyo, togwa ya kwetu, na kungoja mifupa.

Mwaka nilipotimiza miaka minane ulinipa kalamu. Ulisema wako si mwandiko bali ni fujo, na hukusema uongo. Loo, nilivyojisikia siku ile! Ulinisomea Januari, ukanisomea Februari. Kisha wageni wakabisha hodi, ukatoka kuwapokea, na Machi nikaimaliza peke yangu, ulimi nje, mraba kwa mraba. Uliporudi ulisimama nyuma yangu. Ulitazama kalenda ile, ukaniwekea mkono kichwani. "Muzuri," ulisema. "Endelea."

Mwaka huo kuku aliliwa tarehe kumi na mbili Machi, na miaka yote iliyofuata pia. Mbele ya kuku nani anauliza tarehe?

Niliuliza mimi. Sasa nafika mahali pagumu, Papa, na usinisaidie. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma historia, nimejaa maneno mapya kama gunia la mahindi. Katika maktaba nilikuta magazeti ya zamani, nikaona kwa macho yangu: tarehe kumi na mbili Machi tulitoka sare na Wazambia, mabao mawili kwa mawili, wao walisawazisha dakika ya mwisho kabisa. Fainali ilirudiwa siku mbili baadaye. Kombe tulilichukua tarehe kumi na nne. Ningeweza kukuambia jikoni. Ningeweza kukuambia njiani tukienda misa. Nilingoja siku yenyewe, nikangoja wote wakae, kuku yuko mezani, nikasimama na karatasi yangu mkononi.

"Papa, tarehe kumi na mbili tulitoka match nul. Miaka yote hii tunakulyaka kuku ya match nul."

Walicheka, jamani. Papa Sylvestre, aliyekuwa kapita wenu, msimamizi wa kazi kule karakana, alicheka mpaka akaomba maji. Nami nilicheka nao, nimefurahi kwamba wazee wanacheka kwa neno langu. Ni Papa Donatien peke yake ambaye hakucheka, nikadhani redio zimemharibu masikio. Wewe uliangalia ukutani, kwenye kalenda, ukaniangalia mimi. Uliniangalia muda mrefu. Nilingoja unigombeze au ubishe, maana kubisha ulikujua. Ulisema tu kwamba kama mtoto amesoma, amesoma, ukamwambia Mama aongeze bukari.

Kesho yake asubuhi, kwenye kuitwa majina kazini, Papa Sylvestre alipofika kwako hakutaja jina lako. Aliita "Match Nul." Na wewe ukajibu "Présent," kama kila siku. Jina likakushika. Lilikufuata sokoni, likakufuata kwenye kwaya, likahama nasi tulipohamia Annexe, pembeni mwa mji, kwenye shamba lako la mahindi. Watoto wa jirani wasiojua mpira wa mwaka gani walikuamkia "Bonjour, Papa Match Nul," nawe uliwaitikia kwa upole. Kuku hakuchinjwa tena mwezi wa tatu. Kalamu nyekundu ulinikabidhi, ukasema mwenye tarehe ni mimi. Niliichukua nikaenda nayo kwa mume wangu, na ukutani kwako kalenda zikawa na watakatifu watupu. Niliziona zile kalenda kila nilipokuja kukutembelea, Papa. Niliziona na sikusema kitu.

Mara moja tu ulinifuata. Klabu ya mji wetu ilikuwa imewatoa Wabrazili kule Abu Dhabi, tarehe kumi na nne Desemba, na golikipa wetu alishangilia kwa kurukaruka chini kwa makalio. Mji mzima uliingia barabarani, bibi kizee kwa mtoto. Kesho yake mvua inanyesha nikasikia hodi. Ulikuwa umesimama mlangoni umelowa, kalenda yako umeifunga kwenye plastiki mbili ili isiguswe na tone. Ulitaka niandike mimi. Nilikuambia ungeandika mwenyewe tu, safari yote hii ya nini. Ulikaa, ukaifungua kwa uangalifu, ukanionyesha mraba kwa kidole. Niliandika, ukapuliza wino ukauke, ukanywa chai, ukarudi kwako. Nilikuona umezeeka ukapenda usumbufu. Sikuelewa kitu.

Ulituacha kiangazi kilichopita. Kwenye kilio chako, siku za matanga, watu walisema mengi mazuri, na jina lile walilisema pia, kwa mapenzi, wakicheka na kulia pamoja. Kila walipolitaja mimi nilikwenda kuongeza kuni.

Baada ya kuondoa kilio Mama alinituma nifungue sanduku lako la bati. Nilikuta kalenda zote, zimekunjwa, kila moja na kamba yake. Nilizitandaza sakafuni kwa miaka, kama tulivyofanya Januari, nikaanza na Machi. Kalenda za mwanzo zina fujo yako nyekundu, na fujo hiyo iko tarehe kumi na nne. Kila mwaka, kumi na nne. Ulijua. Halafu ukafika mwaka wa miaka yangu minane, na herufi zangu kubwa za duara, na herufi hizo ziko tarehe kumi na mbili.

Nilikaa chini, Papa. Nikazilaza kalenda mbili bega kwa bega, ile ya herufi zangu na ya mwaka uliotangulia, nikaona nilichofanya. Mechi yako ilikuwa kwenye mraba wa mwisho wa mstari wa pili, Jumamosi. Nami, ulimi nje, nikaipeleka kwenye mraba wa mwisho wa mstari wa pili. Lakini mwaka mpya ulikuwa na Februari ya siku ishirini na tisa, na mraba ule haukuwa kumi na nne tena, ulikuwa kumi na mbili. Ni mimi niliyekosea. Ulipokula kuku wa sare, ulikula kosa langu, na nilipokuaibisha mbele ya wenzako, nilikuaibisha kwa kosa langu. Tena kwenye kila kalenda niliyoandika mimi, tarehe kumi na nne, pembeni, pana nukta ndogo ya penseli. Uliiweka kila mwaka. Hukusahau hata mara moja.

Nilikwenda kwa Papa Donatien siku ileile. Siku hizi haoni vizuri, redio anazitengeneza kwa vidole. Nilimweleza nilichokiona, hakushangaa hata kidogo. Alinisimulia kwamba mwaka ule alikuja kwetu tarehe kumi na nne Machi kukudai kuku wa pili, maana yeye tarehe hiyo alikuwa nayo kichwani, akakuuliza kama umepotea. Ulimvuta mpaka nje ya uzio, ukamwambia maneno ambayo ameyatunza miaka yote hii:

"Ni mutoto wangu aliandika. Kama ninafuta, hataandika tena."

Ulimwapisha asiseme. Ndiyo maana siku ya karatasi yangu hakucheka. Nilianza kulia pale kwenye benchi lake, katikati ya waya, nikimwuliza sasa nifanye nini, mwenyewe hayupo wa kuombwa msamaha. Papa Donatien alingoja nimalize. Unamjua, hana haraka.

"Ulisema mbele ya bantu," alisema. "Rudia useme mbele ya bantu."

Nikaogopa, Papa. Mimi, mwalimu, nasimama mbele ya wanafunzi sitini kila siku, nikaogopa wazee wanne. Januari niliinakili kalenda mpya kwa kalamu yako, na mechi nikairudisha kwake, tarehe kumi na nne. Kwenye tarehe kumi na mbili niliandika neno moja: kuku. Halafu nilikaa wiki kumi nikitafuta sababu za kuahirisha. Mama ndiye aliyekwenda kununua kuku bila kuniuliza.

Tarehe kumi na mbili walikuja wote waliobaki. Papa Donatien alishikwa mkono kutoka barabarani, redio kwapani kama zamani. Papa Sylvestre alikuja na fimbo, na wenzako wawili wa karakana. Kiti chako tulikiweka mahali pake. Nilileta kalenda zile mbili, nikazilaza mezani kabla ya sahani, nikasimama. Sikuwa na karatasi. Niliwaeleza mraba kwa mraba, nikawaonyesha fujo yako na herufi zangu, nikawaonyesha nukta zako za penseli. Niliwaambia kwamba Papa alijua tarehe kuliko sisi sote, kwamba jina mlilompa halikuwa lake, kwamba mwenye kosa alikuwa mimi na yeye alilibeba mpaka kaburini ili mimi niendelee kuandika. 

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Papa Sylvestre alivuta kalenda karibu, akaitafuta ile nukta kwa ukucha, akaipata. Alikaa nayo. Kisha akaiegemea fimbo yake, akainuka polepole, akasimama kama kapita asubuhi getini, na kwa sauti ileile ya kuita majina akaita:

"Match Nul."

Nikakitazama kiti chako. Nikamtazama yeye, nikaona hatazami kiti. Ananitazama mimi, anangoja.

"Présent," nilijibu.

Akakaa, akasema tule, kuku anapoa.

Tangu siku hiyo wananiita hivyo, Papa. Nikipita Katuba nasikia nyuma yangu, naitikia. Wanafunzi wangu wameshalijua, wanadhani mimi sisikii. Jina ni zuri. Lingekuwa langu tangu miaka minane kama usingelificha mfukoni mwako pamoja na kalamu.

Nakupenda, Papa. Nilikuwa nimekosea, na ulijua, na uliniambia niendelee. Basi naendelea. Mama anakusalimu, anasema kalenda bado imepinda. Pumzika, usihangaike na tarehe, ninazo mimi.

Mtoto wako,
Mama Match Nul