Jumapili Bila Sabufa

Jumapili, 19 Mei

Nimedeki. Nimefua mashuka. Maharage yako jikoni tangu saa tatu. Jumapili ya tatu bila muziki.

Mstari wetu huu wa nyumba una desturi yake. Watu wakirudi ibada ya kwanza, kila nyumba inafungulia sabufa, milango wazi, tunafua kwa kwaya zinazogombana. Nyumba ikiwa kimya, ndani kuna mgonjwa au kuna ugomvi. Mama Eliya, jirani yangu, ameniuliza juu ya uzio kama mashine yetu imekufa. Nikasema ndiyo, imekufa.

Haijafa. Baba Neema aliondoka nayo. Nguo, viatu na sabufa. Mezani umebaki mraba usio na vumbi. Watu nimewaambia yuko semina Dodoma. Sijalia. Nilitenga na muda wa kulia, jioni moja baada ya kusahihisha madaftari. Hakikutoka kitu.

Neema anafunga shule ya bweni wiki mbili zijazo. Hajui lolote. Akikuta nyumba imenyamaza hivi atajua kabla hajatua begi. Nitanunua sabufa nyingine.

Jumatano, 22 Mei

Baada ya vipindi nikapita dukani kwa Bwana Swedi, hapa hapa Kibondo. Kosa langu. Ile ya kwanza tuliinunua kwake, na Swedi hasahau mashine aliyouza. Akanikatalia. Ya nini mbili, mwalimu, kama ina tatizo ilete niitazame. Halafu akacheka: Jumamosi mzee alipita hapa, anasema inapiga mpaka majirani wa kule Kumsenga wanalalamika.

Kumsenga. Si Dodoma.

Swedi aliniona usoni. Akachukua kitambaa akaanza kufuta redio ambayo haikuwa na vumbi. Nikasema, ah kweli, nilikuwa nimesahau. Nikaaga vizuri. Nyumbani nikapika wali nikaumaliza wote. Ilikuwa kama nimesikia habari za mume wa mtu mwingine.

Ijumaa, 24 Mei

Ofisini mwalimu Zuhura kauliza semina inaisha lini. Nikamjibu mwisho wa mwezi. Sijui kwa nini nilitaja siku. Sasa mwisho wa mwezi atauliza tena.

Kesho Kasulu. Kule hakuna anayenijua.

Jumamosi, 25 Mei

Gari la asubuhi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari wakaomba vitambulisho, nikatoa changu. Bado kimeandikwa jina la mume wangu mwishoni.

Duka la kwanza, karibu na soko. Kijana wa kaunta ana maneno mengi. Mama, huu mzigo ni balaa, unatikisa mabati. Akaufungulia mpaka mwisho bila kuniuliza. Vioo vya kabati vikalia. Besi ikanigonga kifuani, na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichosikia mwilini tangu aondoke. Sikukipenda. Kijana akauliza mzee yuko wapi aje ajaribu mwenyewe, maana kina mama wakinunua, wazee hurudi Jumatatu kugomba, na mali ikitoka dukani hairudi. Nikasema mzee ana kazi. Nikatoka.

Duka la pili ni la mzee mmoja wa Kiislamu, kanzu na miwani, Kiswahili chake cha Tanga. Akanipa kiti kwanza. Akauliza, "Nyumbani wapenda kusikiliza nini, mwanangu?"

Miaka kumi na sita nimesikiliza alichosikiliza yeye. Mpira. Rumba. Taarifa ya habari saa mbili. Jumapili tu kwaya, nazo alizichagua yeye. Nikasema, "Sijui." Mwanamke mzima, mwalimu, nashindwa swali ambalo mtoto wa darasa la pili angejibu.

Hakucheka. Akawasha spika mbili ndogo zenye redio ndani, bila lile boksi kubwa la besi, akawa anazungusha stesheni polepole. Nikisema sogeza, anasogeza. Tukafika kwa mtu anaeleza namna ya kuvuna asali bila kuua nyuki. Nikasema hapo. Tukasikiliza mpaka kipindi kikaisha. Wateja wawili wakaingia, akawaambia wangoje. Nyuki hawanihusu. Ila sauti ya yule mtu ilikuwa safi, na haikunitaka nifanye chochote.

Nikazichukua hizo. Mzee akanionya kwamba hizi hazitikisi bati. Nikamwambia sawa.

Jumatatu, 27 Mei

Ziko ndani ya boksi. Boksi liko chini ya meza. Nimefagia kulizunguka mara mbili.

Naogopa kuziweka kwenye ule mraba. Nikiziweka, basi hatarudi. Upuuzi, najua.

Jumatano, 29 Mei

Ujumbe wake wa kwanza tangu aondoke. Nimesahau rimoti ya sabufa, iko kwenye droo, mpe bodaboda wa Kumsenga atanifikishia. Basi. Hata habari za asubuhi hakuna. Neema hakuulizwa.

Nilitafuta hasira kama mtu anavyopapasa kiberiti umeme ukikatika. Sikuipata. Nikaifunga rimoti kwenye gazeti, nikaizungushia uzi kama nilivyomfungia chakula cha safari miaka yote. Kijana wa bodaboda akasema, "Ah, kwa mama Rehema." Analijua jina la nyumba. Pale kituoni wanalijua wote, kumbe. Mimi tu ndiye nilikuwa na semina Dodoma.

Nikarudi kipindi cha nne. Hesabu za sehemu, darasa la nne. Hakuna mtoto aliyenitazama mara mbili.

Jumamosi, 1 Juni

Asubuhi nikafungua boksi. Nikafuta ule mraba kwa kitambaa cha maji, meza nzima ikawa rangi moja. Nikaziweka.

Neema kafika saa nane. Amerefuka, kakonda shingo. Akala. Akazitazama zile spika ndogo, akauliza ile kubwa iko wapi. Kwa fundi, nikamwambia. Na baba? Semina. Akasema haya mama. Akaenda kuoga.

Nimemdanganya mwanangu kirahisi hivyo. Hilo ndilo limenitisha leo, kuliko Kumsenga na mama Rehema wote.

Jumapili, 2 Juni

Tulirudi ibadani tukiwa wawili. Nikafungulia. Kwaya ya kina mama, sijui ya wapi, nilikutana nayo nikasema hapo. Haikutikisa bati. Ilitosha sebule na uani kidogo. Neema alikuwa jikoni anapepeta mchele kwenye ungo. Mimi nikatoka kuanika.

Mama Eliya akasikia. Akaja kwenye uzio na povu mikononi, uso umefurahi kweli, si kwa umbea, akanisalimu kwa Kiha. "Mwakeye, Mama Neema. Leo kumechangamka. Baba karudi?"

Muziki ndio nilioutaka unitetee. Na sasa ulikuwa unamleta yeye.

Nikasema, "Hajarudi. Hayuko Dodoma. Anaishi Kumsenga na mwanamke mwingine. Hizi nimenunua mimi."

Nilisema kwa sauti ya darasani. Mama Eliya akafuta povu kwenye kanga. Akasema, "Pole, dada." Hajawahi kuniita dada. Akasimama pale pale, hakukimbilia kwake.

Ndani ungo ulinyamaza. Nikajua Neema kasikia. Nikangoja azime kwaya, au aje mlangoni aniulize kwa nini jirani ameambiwa kabla yake. Nikaendelea kuanika. Shuka moja, foronya, sare yake ya shule.

Kwaya ikaendelea. Baadaye ungo nao ukaanza tena.

Mchana tukala wali na maharage. Akanipakulia mimi kwanza.