Karanga za Posa

Batuli, tegua: enzi za Mjerumani wapagazi wanapita Kilimatinde. Wamezidi hamsini, hawafiki hamsini na tano. Nyapara akiwapanga mistari sawa, daima kuna anayebaki. Wangapi?

Nimemtegea Sostenes, leo kaja na wazee wake kumposa mjukuu wangu Yudith. Akajibu, "Hamsini na tatu, bibi. Namba tasa, haigawanyiki."

Nikamcheka! "Hamsini na moja! Hesabu hujui, rudi na posa yako!"

Shoga, Yudith akapanga karanga hamsini na moja mkekani. Mistari mitatu, kila mmoja kumi na saba. Haikubaki hata moja!!

Mimi na darasa langu la saba! Nikamuuliza Sostenes kinyonge, "Baba, bado unamtaka?"

Akatafuna karanga kwanza.

"Namtaka, bibi. Ila watoto hesabu nitawafundisha mwenyewe."